Nyuzi Kumi na Mbili

Mlango wa karakana ulisukumwa kwa goti, na hapo hapo fundi akajua mambo yameharibika. Tangu alipojifunza kutembea, binti yake alikuwa akiusukuma mlango ule kwa viganja viwili na kupaza sauti, "Hodi mafundi!" hata kama humo ndani fundi ni mmoja na yuko peke yake. Alipokuwa mwanafunzi alisukuma hivyo. Akawa mhadhiri, akawa daktari wa vitabu, akawa profesa wa uhandisi mwenye kampuni yake, na hodi haikubadilika. Jumatatu hiyo, saa tisa mchana, aliingia kimya akiwa na koti lake la mikutano, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hiyo ndoo ina grisi."

"Najua."

Fundi akazima mashine ya kukerezea na kusubiri. Ilikuwa mashine kongwe, ikichukua muda wake kunyamaza. Yeye nayo walikuwa wameanza kufanana: ukiwaambia basi, wanaendelea kunguruma kidogo.

"Haya, Spana. Sema."

Jina hilo alipewa na mama yake. Akiwa mdogo alilala na spana namba kumi na tatu mahali ambapo watoto wengine hulala na mwanasesere, na ukimnyang'anya halali mtu nyumba nzima. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mbili, na watu waliomwita hivyo duniani walibaki wawili.

"Zinavuja, baba."

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Katika?"

"Katika kumi na mbili."

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu. Kwa miaka sita binti yake alikuwa akitengeneza mashine ndogo ya kumsaidia mgonjwa aliyeishiwa pumzi. Ukubwa wake kama redio, inakwenda hata kwa betri ya gari umeme ukikatika. Kila kitu ndani yake kilitoka maabara au dukani, isipokuwa kitu kimoja: valvu ya shaba, ndogo kama kifungo cha shati, inayokaa juu ya kiti chake na kuruhusu hewa iende kwa mgonjwa bila kurudi. Za dukani hazikudumu. Ile ya kwanza iliyodumu aliikereza baba yake hapa, na hata hizo kumi na mbili ni yeye aliyezimaliza wiki mbili zilizopita. Ikivuja valvu, hewa inatoka pembeni na mgonjwa anabaki anatazama dari.

"Na kamati?"

"Alhamisi saa nne asubuhi. Hospitalini." Akakwepa macho yake. "Ile ile ya mama, baba."

Fundi akakikunja kitambaa, akakikunjua.

"Wakikuta zinavuja, kibali hakuna. Na mkuu wa kitivo kashaniambia mwezi huu nichague, darasa au kampuni. Kibali kikikosekana hakuna cha kuchagua. Nafunga kampuni, narudi kwenye chaki, na mashine zinakwenda kukaa kwenye kabati la vioo pale mlangoni, wageni wapige nazo picha."

Shangazi, dada yake fundi, akaingia na vikombe viwili vya chai. Alikuwa mwanamke mfupi aliyekuja kukaa wiki moja baada ya msiba, na wiki hiyo ilikuwa haijaisha mwaka wa sita.

"Profesa amekaa kwenye ndoo," akasema. "Chuo kimeishiwa viti?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Inuka, hilo koti ni la kukopesha heshima, usilipake mafuta." Akawaangalia wote wawili, akaona hakuna aliyecheka, akaweka chai na kutoka bila neno la pili. Kwake hiyo ilikuwa huruma kubwa.

Profesa akashika kikombe bila kunywa. Alichotaka kusema alikuwa amekibeba njia nzima.

"Injinia wangu anasema labda vipimo vimehama. Kidogo sana, unywele ukiugawa mara kumi. Si kosa la mtu, baba. Mtu akifika umri fulani, macho…" Akaangalia sakafu. "Kuna kiwanda kinaweza kutuletea valvu kwa ndege zikafika Jumatano. Haziko kama zako. Lakini zina cheti."

"Zina cheti."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema fundi. Aliitamka kwa upole mno, na binti yake angependelea apige kitu chini.

"Baba, usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri. Una moja hapo?"

Alikuwa nayo mfukoni, valvu na kiti chake, vimefungwa kwenye karatasi laini. Fundi akaviunganisha, akavitia midomoni, akavuta. Hivyo ndivyo alivyozipima zote kabla ya kuzitoa mikononi: ukivuta, valvu nzuri inanasa ulimi kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. Hii haikunasa. Hewa ilipita na kufanya sauti ndogo ya dharau.

"Niachie hii," akasema.

"Ya nini?"

"Niachie tu, mwanangu. Nenda kaagize hizo zenye cheti. Usikose kibali na kampuni kwa ajili yangu."

*

Jioni fundi alikaa sebuleni na bati la biskuti mapajani. Biskuti ziliisha zamani. Ndani mlikuwa na nyuzi za mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani: nyekundu, kijani, zambarau, na moja ya rangi isiyo na jina ambayo yeye mwenyewe aliiita "chai ya jana". Zilikuwa zikipungua. Fundi alizitumia kidogo kidogo, kwa kazi moja tu.

"Unatafuta nini?" akauliza Shangazi.

"Sindano."

"Suruali imechanika?"

"Nataka kuyapima macho."

Akatoa uzi mwekundu, akaulowesha kwa ulimi, akanyanyua sindano usawa wa taa. Uzi ukaingia mara ya kwanza. Akautoa, akarudia kwa mkono wa kushoto. Ukaingia. Akaitupa sindano kwenye bati kama iliyomkosea.

"Kaka, macho yako ni mazima. Ulimi ndio mbovu. Mtoto kaja hapa kukuumiza kwa kukuonea huruma, ukamwambia sawa sawa. Si umwambie haiwezekani liwe kosa lako?"

"Nimwambie nini? Yeye ni profesa."

"Ni Spana yule."

Juu ya meza kulikuwa na kijitabu cha kampuni, karatasi ya kung'aa, kilichofika mwezi uliopita. Fundi alikisoma siku tatu, maana alisoma kama anavyokereza, polepole na kwa kurudia. Mlikuwa na picha ya binti yake, na majina ya watu tisa, kila jina na digrii yake. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: valvu zimetengenezwa na fundi wa nje. Alipomaliza alikirudisha mezani, akaweka kikombe juu yake. Hakuna aliyemuuliza.

Hasira yake haikuwa kwa mtoto. Hasira yake ilikuwa na anwani nyingine. Miaka sita iliyopita mkewe aliishiwa pumzi wodi namba nne. Mashine ya kupumulia ilikuwepo. Ilikuwa imefungiwa stoo, mpya, bado ina nailoni yake. Ufunguo alikuwa nao mkuu wa hospitali, na mkuu wa hospitali alikuwa kwenye semina. Semina yenyewe, fundi alikuja kuambiwa baadaye, ilihusu utunzaji wa vifaa. Wakubwa ndivyo walivyo; wana semina ya kila kitu isipokuwa ya kuacha ufunguo. Mkuu yule hakufukuzwa wala hakuhamishwa. Alinenepa tu. Siku ile fundi alitoka kwenye jengo hilo na kitenge cha mkewe mkononi, na hakuwahi kukanyaga tena hapo hata alipougua kifua mwenyewe.

Binti yake hakulia sana msibani. Wiki iliyofuata alikuja karakana na daftari, akauliza, "Baba, valvu ndogo kabisa uliyowahi kukereza ni ya ukubwa gani?"

*

Jumanne asubuhi, kabla ya chai, fundi alikaza kiti cha ile valvu kwenye jiliwa, akapaka duara lake wino wa bluu wa mhuri kwa ncha ya kijiti. Akaishusha valvu polepole, akaizungusha kidogo, akainyanyua na kuigeuza.

Wino ulikuwa umeshika nusu duara. Nusu nyingine ilikuwa kavu, inang'aa.

Akaangalia kwa muda mrefu. Mkono uliochoka huharibu duara zima. Hutetemeka, hukwaruza, huacha mawimbi. Hapa hapakuwa na wimbi. Kila kimoja kwa upande wake kilikuwa kizuri, laini kama yai. Ila vilipokutana, vilikaa kama mfuniko wa sufuria ya jirani.

"Wifi yako angecheka," akamwambia Shangazi aliyesimama mlangoni na kikombe. "Hawa hawajuani."

"Akina nani?"

"Hawa. Hawajawahi kuonana." Akaanza kuvua aproni. "Lete viatu vyangu vya msibani."

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Naenda chuo kikuu."

*

Getini askari alimtazama kuanzia viatu, akapanda juu, akashuka tena.

"Mzee, vibarua wanapita geti la nyuma."

"Namtafuta profesa wa uhandisi."

"Una miadi?"

"Nina mtoto."

"Hapa wote wana watoto, mzee. Andika jina, unakotoka, unakokwenda na madhumuni."

Fundi akashika kalamu. Kwenye madhumuni akaandika VALVU, kwa herufi kubwa, akichukua mistari miwili. Nyuma yake foleni ilianza kukohoa. Askari akasoma, akatingisha kichwa, akampa kadi ya mgeni ya kuvaa shingoni. Fundi akaenda nayo mkononi, kama mtu aliyebeba samaki asiyetaka amchafue.

Maabara ilikuwa na taa nyingi kuliko mtaa wake mzima. Mashine kumi na mbili zilipangwa mezani, vifuniko wazi. Mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye miwani na koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikononi, alikuwa akibandika lebo kwenye chupa ambayo tayari ilikuwa na lebo.

"Shikamoo mzee. Umekuja kwa ajili ya feni?"

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya valvu. Mimi ndiye fundi wa nje."

Injinia akasimama wima. Alikuwa amelelewa vizuri. Aibu yote ikampanda usoni. "Samahani sana, mzee. Karibu kiti."

"Kiti hapana. Niambie, binti, mlipopokea sanduku langu mlifanya nini? Moja moja. Kama unamweleza mtoto."

Injinia akaeleza kwa fahari ya mtu anayejua amefuata utaratibu. Walifungua sanduku. Walikata vifungashio. Walitenganisha vipuri kwa aina, valvu kwenye trei moja na viti kwenye trei nyingine. Waliviosha kwa dawa, wakavikausha, wakavipiga picha, wakavipanga kwa uzito.

"Vifungashio gani mlivyokata?"

"Zile nyuzi, mzee. Kila valvu ilikuwa imefungwa na uzi."

"Rangi moja?"

"Hapana. Kila moja na rangi yake." Akasita. "Tulidhani… tulidhani ni urembo."

Fundi akashika ukingo wa meza. Akalirudia neno polepole: "Urembo."

Mlango ukafunguliwa. Profesa aliingia na simu sikioni, akimwambia mtu kwamba ndege ikifika Jumatano saa kumi bado inawezekana. Akamwona baba yake na viatu vya msibani na kadi ya mgeni mkononi.

"Baba? Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani kwema. Spana, nyuzi zilifungwa na nani zamani, ulipokuwa hujafika jiliwa kwa urefu?"

"Mimi," akasema. "Ulikuwa unasaga valvu na kiti chake mpaka vishikane, halafu unanipa nifunge, ili visi…"

Hakumaliza. Simu ilikuwa bado inasema halo, halo. Akaishusha, akaangalia trei mbili tupu zilizoandikwa VALVU na VITI kwa mwandiko mzuri, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Prof?" akauliza Injinia.

"Kila valvu imesagwa na kiti chake," profesa akasema polepole. "Wawili wawili. Baba haandiki namba, kwa sababu ukiigonga namba kwenye shaba ndogo hivi unaipinda. Anafunga uzi. Nyekundu na nyekundu, kijani na kijani. Tumezichanganya. Hiyo moja isiyovuja imebahatika kukutana na mwenzake."

Injinia akavua miwani. "Lakini mchoro hausemi hivyo."

"Mchoro nimeuchora mimi."

Fundi alikuwa amejiandaa, njia nzima, kusema maneno makali kuhusu watu wenye digrii. Aliyapanga vizuri, mengine yalikuwa ya kuchekesha. Akayatafuta sasa, asiyaone.

"Si zinaweza kusagwa upya hivi zilivyo, mzee?" akauliza Injinia.

"Nikisaga tena nitakula shaba, na valvu itazama."

"Ikizama, presha inabadilika," akamalizia profesa. "Kamati itaikamata dakika ya kwanza." Tayari alikuwa akivua koti lake la mikutano. Akakunja mikono ya blauzi, akavuta kigoda karibu na baba yake. "Tutawatafutia wenzao. Una wino?"

"Ninao mfukoni, pamoja na ile valvu uliyoniachia."

Injinia akachukua karatasi, akapiga hesabu upesi. "Kumi na moja kwa kumi na moja. Tukiwa na mkosi kabisa ni mara hamsini na tano."

"Wewe hesabu," akasema fundi, "sisi tuvute."

*

Walikaa hivyo Jumanne mchana kutwa. Profesa anapaka wino na kushusha, fundi anaangalia duara, Injinia anaandika. Duara likitoka zima, wanafuta wino, fundi anavuta kwa mdomo, kisha anampa binti yake naye avute. Ilipopatikana jozi ya kwanza, valvu ilinasa ulimi wa profesa akashindwa kusema kwa sekunde nzima, na alipoiachia ilitoa mlio mdogo. Wakacheka kama watu wasio na kamati.

"Ungeniambia jana," akasema baada ya jozi ya nne.

"Jana uliniambia macho."

"Baba."

"Nami niliamini. Nilijua tu siku ingefika. Nikasema basi, nisimwangushe mtoto."

Profesa akageuza valvu mkononi. "Sanduku lako lilipofika nilikuwa kwenye mkutano na wafadhili. Nikasema lipelekeni maabara. Sikulifungua."

"Ulikuwa na kazi."

"Kazi yenyewe ndiyo hiyo, baba. Nimekuwa mtu wa kusema lipelekeni." Akapaka wino mwingine. "Na kile kijitabu. Walioandika waliniuliza, huyu fundi ana sifa gani, nikawa naingia kwenye kikao, nikasema andikeni wa nje. Nilikikuta nyumbani, kina alama ya kikombe juu."

"Kikombe kilikuwa na maji chini."

"Kilikuwa na kinyongo cha mwezi mzima chini."

Fundi akavuta pumzi, akaangalia dirishani. "Hii hapana," akasema, akimrudishia valvu. "Lete nyingine."

Saa kumi na mbili kasoro walikuwa na jozi kumi. Zikabaki valvu moja na kiti kimoja. Hapakuwa na mwenza mwingine wa kumtafuta. Ni hao wawili tu. Fundi akavuta. Akafuta, akavuta tena. Hewa ilipita, kidogo, kama mtu anayenong'ona.

Injinia akaanza kupekua karatasi. "Labda tumekosea jozi mojawapo ya nyuma."

"Hamjakosea," akasema fundi. Akaiweka valvu juu ya meza kwa uangalifu. "Hii ni yangu. Niliimaliza siku ya kumbukumbu ya mke wangu, tarehe aliyoondoka. Niliivuta, ikanasa kwa shida, nikasema itafaa. Maisha yangu yote sijawahi kusema itafaa. Wanaosema itafaa ni wale wa ofisini."

Injinia akaziweka karatasi chini. Kisha profesa akasimama, akachukua koti lake, akalifunga kiunoni kama aproni.

"Kesho asubuhi tunakereza nyingine. Mimi nitafunga uzi."

Hapo Injinia akaenda kwenye kabati, akarudi na mfuko mdogo wa plastiki, akaushika kwa mikono miwili. Ulikuwa na lebo, bila shaka: NYUZI, KAZI YAKE HAIJULIKANI. Ndani mlikuwa na vipande vyote kumi na viwili, hata kile cha rangi ya chai ya jana.

"Sikuzitupa, mzee," akasema. "Huwa siwezi kutupa kitu nisichokielewa."

Fundi akaupokea mfuko. Alitaka kumwambia kwamba katika wasomi aliowahi kukutana nao yeye ndiye wa kwanza mwenye akili. Akamgusa bega tu, akamwachia alama ya wino wa bluu kwenye koti jeupe. Injinia hakuifuta.

*

Alhamisi fundi alisimama nje ya hospitali dakika kumi, akijifanya anafunga kamba za viatu. Binti yake alisimama kando yake na sanduku, naye akajifanya anasubiri simu.

"Unaweza kukaa kwenye gari, baba."

"Nikikaa kwenye gari nitazeeka."

Wakaingia.

Kamati ilikuwa watu watano, na katikati yao, kwenye kiti chenye mikono, mkuu wa hospitali. Hakumtambua fundi. Na angemtambuaje? Wakubwa hukumbuka mikutano. Alikuwa akisoma fomu kwa kidole.

"Profesa, hapa pana makosa. Mtengenezaji wa valvu. Elimu: darasa la nne."

"Hapana makosa."

"Ungeandika hata fundi mwandamizi. Faili hili litasomwa na watu wazito."

"Nimeandika ilivyo. Huyo hapo. Ni baba yangu."

Macho ya wajumbe wote watano yakamgeukia fundi, na yeye akahisi kola inambana. Mjumbe mmoja akacheka kidogo, akaugeuza mcheko kuwa kikohozi. "Tungependa kujua anatumia chombo gani kupima."

"Mdomo," akasema fundi.

Hapo walicheka waziwazi. Profesa hakucheka wala hakukasirika. Akawasha mashine ya kwanza, akaunganisha bomba kwenye chombo cha kamati, cha gharama, chenye kioo na namba. Sindano ikapanda, ikasimama, haikurudi. Akawasha ya pili. Ya tano. Ya tisa. Kicheko kilikuwa kimeisha kwenye ya tatu. Walipofika ya kumi na mbili, ile iliyokerezwa Jumatano asubuhi na kufungwa uzi na profesa mwenyewe kwa vidole vilivyokuwa bado vinakumbuka fundo, fundi alifumba macho. Alisikia Injinia akihesabu sekunde kwa sauti ya chini, sitini, sitini na moja, na akajua sindano haijarudi.

Zile zenye cheti zilikuwa kwenye mfuko chini ya meza, hazijafunguliwa.

Mkuu wa hospitali akasaini. Akapiga mhuri, akasimama, akampa profesa mkono kana kwamba yeye ndiye aliyezikereza. "Hongera sana. Nitaagiza zipelekwe stoo leo hii. Ufunguo nitakaa nao mwenyewe, ili pasiwe na mchezo."

Chumba kilikuwa na watu wanane, na ni wawili tu waliosikia kilichosemwa. Profesa akamwangalia baba yake. Fundi alikuwa ameivua kofia yake, akiikunja kwa mikono miwili.

"Ukurasa wa mwisho, mheshimiwa," akasema profesa. "Sharti la mwisho, umelisaini sasa hivi. Mashine zinakaa wodini, juu ya meza, bila kufuli. Zikifungiwa, tunazichukua."

Mkuu akafunua, akasoma, akakunja uso. "Lakini zitaibiwa! Mimi ndiye ninayewajibika hapa. Ikiibiwa moja, nani atajibu?"

"Mimi," akasema fundi.

Mkuu akamgeukia, kwa mara ya kwanza akamtazama usoni, kama anayetafuta mahali alipowahi kuuona.

"Mashine ikiibiwa, nitakereza nyingine," akasema fundi. "Mtu siwezi kukereza."

Hakupaza sauti. Akageuka kabla hajajibiwa, akabeba mashine moja chini ya kwapa, akatoka. Ujia aliukumbuka wote: ngazi mbili, kona yenye bomba linalovuja, mlango wa bluu. Wodi namba nne ilikuwa na vitanda nane. Muuguzi akamwonyesha meza karibu na dirisha, akaisogeza glasi ya maji kupisha.

Fundi akaiweka mashine. Akatoa mfuko wa plastiki mfukoni, akatafuta kipande cha rangi ya chai ya jana, akajaribu kukifunga kwenye mkono wa mashine. Fundo halikukaa. Akajaribu tena.

Nyuma yake mlango ulisukumwa, kwa viganja viwili.

"Hodi mafundi," akasema binti yake kwa sauti ndogo, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wamelala.

Akaja akasimama kando yake, akaweka kidole juu ya uzi ili usiteleze, kama zamani, na baba yake akafunga.